Irabu ya Mwisho

Ukumbi wa chakula, shule moja Kiboriloni, saa kumi jioni.
Meza tumezisukuma ukutani, zingali zinanuka maharage ya mchana.
Kidato cha Tatu wameshika makaratasi ya tamthilia ya Kiingereza:
bwana mwenye nyumba, mjane, na mtumishi
asiyetajwa jina hadi ukurasa wa arobaini.

Godlisten ndiye bwana.
Jina lake, ukilifasiri, ni sentensi nzima: Mungu sikiliza.
Wazazi hawakutia mkato wala alama ya mshangao,
hivyo sijui hata leo
walimwamuru Mungu au walimlilia.

Anasoma: Fungua mlango.
Anasoma: Lete taa. Ondoka. Njoo.
Anasoma kwa upole wa mtoto aliyelelewa na shikamoo,
na upole huo unaiua tamthilia.
Godlisten, nikamwambia, hapo hakuna mtu.
Itazame sentensi. Kitenzi kimesimama peke yake,
anayeamriwa kafutwa,
umebaki mkono tu, unafungua.

"Na nikisema ufungue, Madamu?"

Ukisema ufungue, ile u inamrudisha chumbani,
na ile e ya mwisho inamvutia kiti.
Lakini wenye lugha hii hawana e.
Wakitaka kukulainishia neno
wanaligeuza miguu juu, linakuwa swali:
wanakuuliza kama unaweza
jambo wanalojua fika kwamba unaweza.

Wakacheka. Aikaruwa hakucheka.
Yeye ndiye mtumishi. Ana mistari kumi na tisa,
kumi na minane ni maswali.
Niwashe moto, bwana? Bwana atakula sasa?
Mjane haulizi wala haamuru.
Anataarifu tu: Humu ndani kuna baridi.
Na dirisha linafungwa.

Hapo nikamsikia mama.
Miaka thelathini na sita katika jiko la Rau
hakuwahi kumwamuru baba hata kitenzi kimoja.
Chumvi imekwisha, alisema. Mtoto anakohoa.
Mgomba wa chini umeangukia mfereji.
"Taarifa ya habari hiyo," baba alinung'unika, akivaa viatu.
Yeye dunia yote aliishika kwa shina tupu:
lete, toa, kaa, nyamaza.

Ukurasa wa mwisho bwana anarudi amefilisika,
anasimama mlangoni na kofia mkononi,
na mtumishi, mstari wa kumi na tisa,
anatamka neno moja: Keti.

Aikaruwa alilisema mara saba.
Mara ya kwanza kama polisi.
Ya pili kama anayeomba radhi kwa kuzaliwa.
Za katikati sizikumbuki, mvua ilikuwa inapiga bati.
Ya saba alilisema huku akikunja kitambaa cha meza,
bila kumtazama,
na magoti ya Godlisten yakakunjika
kabla hajakumbuka kwamba anaigiza.

Niliondoka bila kufunga ukumbi.
KCMC walikuwa wamebakiza dakika ishirini za kuona wagonjwa.
Baba yuko kitanda cha dirishani,
upande wake wa kushoto haumtii tena,
anauamuru, haumtii.
Akanitazama. Akalitafuta neno muda mrefu,
kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ya wenyewe.
"Unaweza," akasema. Akapumzika. "Maji?"

Sikuwahi kusikia swali kinywani mwake.

Nikakiinua kikombe. Nilikuwa nayo ile e,
iko tayari ulimini, unywe baba, unywe,
na u yake, na kiti chake.
Nikasema: Kunywa.

Mgonjwa wa jirani akageuza shingo,
labda alidhani namkaripia.
Ni kitenzi kifupi mno, hakiwezi kusimama bila ku,
amri yake na jina lake ni kitu kimoja.

Baba akanywa.